Uji wa Limi

Esta alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na moto. Wanawake wenzake wa Segese walipikia mafiga matatu chini, kama walivyofundishwa na mama zao, na wala haikuwasumbua. Esta alimwita fundi akamjengea jiko la matofali la kimo cha kifua, na majirani walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. "Mama Limi anapika amesimama kama askari wa getini," walisema. Hawakumjua Kamili.

Kamili alikuwa kaka yake, mtoto wa kwanza wa wakulima Wakatoliki wa Ushirombo, mpole, mwimbaji wa kwaya, naye alikuwa na kifafa. Msimu wa kuvuna karanga alianguka jikoni, bega na shavu ndani ya moto, na watu wote waliokuwepo wakarudi nyuma. Hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba anayemgusa mtu wa kifafa akiwa anatoa povu huubeba ugonjwa huo kwenda nao kwake. Basi wakasimama wakamzunguka, wakaita mama yake kwa sauti kubwa, na mama yake alikuwa shambani. Esta alikuwa bado mdogo. Alisimama pamoja nao, mikono nyuma, kama alivyoona wakubwa wamesimama. Kamili aliteseka hadi masika, kisha wakamzika. Tangu hapo Esta aliogopa vitu viwili: moto ulio chini, na watu waliosimama kumzunguka mtu bila kumgusa.

Aliolewa na Wilbard, Msukuma wa Tinde, mtu wa mizaha na mwenye jicho kali. Wilbard alikuwa mpima mawe. Kabla mfanyabiashara hajanunua viroba vya mawe kutoka shimo la dhahabu alimwita yeye kwanza, naye Wilbard alichukua jiwe, akalitwanga kwenye kinu cha chuma mpaka likawa unga, akausukasuka unga ule kwenye karai la maji, akatazama kama utabaki mstari mwembamba wa njano. Wauzaji walimwogopa. Jiwe la kupima alilichagua mwenyewe, mkono ndani ya kiroba, macho ameyafumba, kwa kuwa alijua mwenye shimo hukupa jiwe analotaka ulione. Wapo hata waliosugua vumbi la dhahabu kwenye jiwe kavu, lisilo na kitu, ili lidanganye karai. Hilo waliliita jiwe lililopakwa, na Wilbard alilitambua kwa kulilamba na kulisugua kwa kidole gumba. Kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu, hakuna aliyehitaji kumfundisha. Msemo huo ndio uliokuwa ukimlisha.

Hata hivyo kazi ile ilikuwa imemfundisha jambo jingine, nalo lilikuja kumponza. Kwenye mawe, ukipima mia ukakosa, hujathibitisha lolote. Ukipima moja ukaona njano, umeshajua kwamba mwamba una kitu. Mawe makavu hutupwa kando ya njia, watoto huyarukaruka, na hakuna anayeyakumbuka. Wilbard aliishi hivyo miaka mingi, akadhani dunia nzima hupimwa hivyo.

Limi, binti yao wa pekee, alianguka mara ya kwanza alipokuwa anajifunza kusoma. Esta hakuita mtu. Alimshika mwenyewe, akamlaza ubavu, akamfuta povu kwa upindo wa kanga yake mbele ya majirani waliomtazama kwa hofu, na kesho yake akampeleka kituo cha afya. Mganga wa kituo alimpa vidonge vidogo vyeupe na onyo kubwa: kimoja kila siku, asikose, na wasije wakaviacha ghafla, maana kifafa kilichozuiwa hurudi na hasira. Limi akaacha kuanguka. Lakini kidonge cha asubuhi kilimlaza juu ya dawati. Mwalimu alilalamika, wenzake wakampachika jina la Bibi Usingizi, naye alirudi nyumbani amenuna, hataki kucheza. Wilbard alimtazama akaumia. "Mtoto ninaye," alikuwa akisema, "lakini ni kama hayupo."

Hapo ndipo alipotokea Boaz.

Boaz alikuwa na chumba cha tiba Geita mjini, na kila mwezi alizungukia vituo vya machimbo na sanduku la vichupa. Hakuwa tapeli, na ingekuwa afadhali angekuwa tapeli, kwa sababu matapeli Wilbard aliwajua kwa harufu. Boaz alikuwa mtu safi, mwenye sauti ya chini, anayemsikiliza mgonjwa mpaka amalize. Tiba yake aliiita homiopathi. Alieleza kwamba kinachomdhuru mzima ndicho kinachomponya mgonjwa, mradi kipunguzwe: tone moja ndani ya maji, litikiswe, kisha tone la maji hayo ndani ya maji mengine, tena na tena, mpaka cha mwanzo kisibaki, ila nguvu yake. Kisha maji hayo hunyunyizwa juu ya punje za sukari.

Wilbard alicheka mpaka akashika mbavu. "Sasa daktari, kwa hesabu hiyo Ziwa Viktoria si ni duka la dawa? Uchafu wetu wote wa hapa huishia huko."

Boaz alitabasamu tu. "Uliza utafiti, Baba Limi. Upo."

Neno hilo ndilo lililomnasa. Wilbard hakupenda kuamini bila kupima, na kwa hilo mtu asimlaumu. Alimpigia simu Loveness, mtoto wa kaka yake, mwalimu wa baiolojia huko Tinde, na shule zilipofunga Loveness akaja na kompyuta yake.

"Shikamoo baba mdogo. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, mwalimu. Kaa hapo. Usiniletee maneno ya watu, niletee mawe."

Loveness alielewa. Mchana kutwa walikaa chini ya kibaraza, Esta akichambua maharage pembeni, na binti yule akafungua utafiti mmoja baada ya mwingine, akisoma Kiingereza na kusimulia kwa Kiswahili. "Utafiti mzuri, baba mdogo, hufanywa hivi. Wagonjwa wengi hugawanywa kwa kura. Nusu wanapewa dawa, nusu wanapewa punje za sukari tupu zinazofanana nayo. Mgonjwa hajui kapata ipi, na anayempima hajui."

Wilbard akapiga paja. "Kumbe na wao hufumba macho!"

"Wazuri hufumba. Wengine hawafumbi. Sasa tazama. Zile tafiti ndogo, zilizofanywa kwa macho wazi, nyingi zinasema tiba hii inasaidia. Ukibakiza zile kubwa zilizofumba macho kweli, tofauti kati ya dawa na sukari inayeyuka. Kuna nchi huko mbali iliwakalisha wataalamu wakapitia tafiti zaidi ya mia. Hawakuona hata ugonjwa mmoja ambao wangeweza kusema kwa uhakika kwamba tiba hii inauponya."

"Na kifafa?"

"Cha kifafa sijaona utafiti mkubwa hata mmoja. Kuna visa tu. Mtoto fulani alipewa punje, akapona, aliyemtibu akaandika."

"Nionyeshe hivyo."

Loveness alimwonyesha, kisha akafunga kompyuta nusu. "Baba mdogo, mwenye shimo akikuletea mawe matatu yanayong'aa, unamwuliza nini?"

"Namwuliza kiroba kiko wapi."

"Basi mimi nimekuletea kiroba kizima, na wewe unachagua yanayong'aa."

Esta aliacha kuchambua maharage, akadhani mambo yamekwisha, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha mumewe akatikisa kichwa polepole.

"Mawe makavu mia, Loveness, hayakanushi moja lenye dhahabu. Likiwa nayo, linayo."

"Mtu si jiwe, baba mdogo. Kifafa hupumzika chenyewe na kurudi chenyewe. Dhahabu haiingii kwenye jiwe ikatoka ikarudi tena."

"Umenishinda kwa maneno," Wilbard akasema huku akicheka. "Basi nitapima mwenyewe."

Jioni ile alivitumbukiza vidonge vya Limi chooni. Esta alimkumbusha onyo la mganga. Alisema kwa upole, kisha akasema kwa machozi. "Miezi michache tu, Mama Limi," Wilbard alijibu. "Akianguka, mimi nitakuwa wa kwanza kumrudishia." Alisema "akianguka" kama mtu anavyosema "mvua ikinyesha". Na akaongeza kwamba, ikiwa yeye Esta hana moyo wa jambo hili, mtoto anaweza kwenda kukaa Geita karibu na Boaz mpaka kipimo kiishe. Esta akamwona Limi katika nyumba ya watu wasiomjua, ameanguka, na watu wamesimama.

"Sawa, Baba Limi," akasema. "Tupime."

Lakini pakiti moja alikuwa ameshaificha ndani ya kopo la majani ya chai. Kila jioni alisaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, akakichanganya kwenye uji wa ulezi wenye ndimu na sukari ya kutosha, akampa mwanawe kikombe cha bati cha bluu na kumsimamia mpaka tone la mwisho. Asubuhi Wilbard mwenyewe alimmiminia Limi punje za Boaz kwa kifuniko cha kichupa, bila kuzigusa kwa mkono, kama masharti yalivyotaka. Baba akatibu asubuhi, mama akatibu jioni, na kila mmoja akamwombea mtoto kwa namna yake. Esta aliona amefanya jambo la busara. Mume atashinda kwa macho, mtoto atashinda kwa mwili, nani ataumia? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Juu ya mficha dawa hawakusema neno.

Likatokea ambalo hakulitazamia. Limi hakuanguka, hilo alilijua. Lakini pia aliamka. Kidonge kilichokuwa kikimlaza darasani sasa kilimlaza usiku, wakati wa kulala, na mchana mtoto alibaki na macho mangavu. Mwalimu akamsifu. Jina la Bibi Usingizi likafa. Siku moja Wilbard alirudi akamkuta Limi akiruka kamba uani na wenzake, akaegemea mlango akalia bila kujificha. "Njano," alimwambia mkewe. "Mama Limi, nimeona njano."

Esta alitabasamu. Katika nyumba ya mtu aliyetambua kila jiwe lililopakwa toka Segese hadi Geita, yeye ndiye aliyekuwa akipaka.

Wilbard si mtu wa kuona dhahabu akanyamaza. Alisimulia kwenye karasha, pale mawe yanaposagwa kwa mashine, alisimulia kwa wanunuzi, alisimulia kanisani baada ya ibada. Watu hawakumwamini Boaz, mgeni wa Geita. Walimwamini Wilbard, kwa sababu aliwahi kusema hapana hata kwa matajiri. Wakaanza kuja watu na watoto wao. Esta aliwaandalia viti na maji ya kunywa, akaingia jikoni, akasimama mbele ya jiko lake refu bila kupika kitu. Kituo cha afya hakukanyaga tena. Vidonge alivifuata Kahama, akisema anakwenda kununua dagaa, na nyumba ikajaa dagaa mpaka Wilbard akauliza kama wanafungua duka.

Mwisho wa kiangazi Boaz alikuja kwa jambo maalumu. Mwalimu wake wa tiba alikuwa anakusanya visa vya kuchapisha, na kisa cha Limi kilikuwa kizuri kuliko vyote. Aliuliza, Wilbard akajibu. Ameanza lini, alianguka mara ngapi, vidonge vya hospitali viliachwa lini. Boaz akamgeukia Esta kwa adabu. "Na mama anathibitisha?" Esta akainamisha kichwa, na kichwa kilichoinama kikaandikwa kuwa ndiyo.

Hapo akaingia Hosiana, Mama Blessing, miguu ina tope la kijivu hadi magotini. Hosiana alikuwa akiosha mchanga wa dhahabu kwenye bwawa la mwaloni, mjane mchapakazi, mtu wa maneno machache. Binti yake Blessing alikuwa na kifafa pia, na wanawake hawa wawili walikuwa wamekaa benchi moja kituoni miaka mingi, wakigawana karanga na habari huku wakingoja vidonge vilevile. Aliwasalimia wanaume kwa haraka, akachuchumaa mbele ya Esta.

"Mama Limi, wanaume husema mengi. Mimi nakuuliza wewe. Pale kwenye benchi sikuoni tena. Ni kweli mtoto amepona?"

Esta alimtazama Wilbard, aliyekuwa anang'aa kwa furaha kama siku ya harusi yao. Alimtazama Boaz na kalamu yake. Kule uani kamba ilikuwa ikipiga chini, na Limi akihesabu kwa sauti.

"Limi hajaanguka hata mara moja tangu aanze punje," akasema.

Hosiana akashusha pumzi ndefu. "Basi. Neno lako limenitosha."

Ukiyapekua maneno ya Esta hutaona uongo. Alijibu kweli tupu, ila swali lilikuwa jingine, na yeye alijua. Jioni ile uji ulimwungulia.

Alijiambia atakwenda kesho. Kesho yake Wilbard alishinda nyumbani. Keshokutwa kulikuwa na mgeni. Kila siku ilipata udhuru wake, na udhuru haukosi kwa anayeutafuta. Halafu akakutana na Hosiana njiani kuelekea mwaloni, na nyuma yake Blessing, msichana mrefu wa miaka kumi na minne aliyezoea kuburuta miguu kama mgonjwa wa malale, leo amebeba ndoo kichwani na anaimba.

"Ameamka, Mama Limi!" Hosiana alipaza sauti toka mbali. "Wako alivyoamka, na wangu ameamka!"

Yeye alijua Limi alivyoamka. Msichana huyu alikuwa ameamka kwa sababu kizuizi kimeondolewa, na kilichokuwa kimezuiliwa kilikuwa njiani kinakuja.

"Mama Blessing, vile vidonge vyake... usivitupe."

"Aa, nimeshavitia chooni, kama Baba Limi."

"Njoo nyumbani jioni. Nina neno."

"Nitakuja," Hosiana akasema, lakini mchanga ulikuwa mwingi siku hiyo na hakuja. Esta naye hakumfuata.

Jumamosi Loveness alifika kutoka Tinde bila taarifa. Hakukaa. Alimkuta Esta jikoni, Wilbard yuko kwenye karasha, akampa simu yake. "Soma na wewe, mama mdogo. Kile kisa cha Boaz kimetoka wiki hii." Kisha akasoma mwenyewe, akitafsiri: mtoto wa kike, kwa jina L., kutoka eneo la machimbo ya dhahabu. Kifafa cha miaka kadhaa. Dawa za hospitali zilisimamishwa kabisa. Tiba ya punje ilianza. Hajapata degedege tena na maendeleo yake shuleni yameongezeka. Mama wa mtoto amethibitisha.

"Mimi nimesoma sana mambo haya," Loveness akasema. "Inawezekana ni bahati. Bahati ipo. Lakini na usingizi nao umekwisha, na huyu anaandika dunia nzima isome. Mama mdogo, kesho mtu wa Songea au wa India atatafuta utafiti, atamkuta Limi. Niambie kitu kimoja. Ni kweli aliacha vidonge?"

Kikombe cha bluu kilikuwa juu ya meza, kimelowekwa. Esta alikitazama, akakaa chini sakafuni, akasema yote.

Loveness hakumlaumu. Uso wake ulibadilika tu. "Nani mwingine ameacha kwa sababu ya Limi?"

Walikimbia kuelekea mwaloni. Esta aliacha kandambili moja njiani na hakurudi kuiokota. Toka mbali aliona mwalo umenyamaza: hakuna makarai yanayosukwa, hakuna pampu, hakuna matusi ya utani. Kisha akawaona watu. Walikuwa wamesimama kulizunguka bwawa, wanaume kwa wanawake, mikono vichwani, na hakuna aliyekuwa ameingia. "Mayu wane, mama yangu!" mtu alikuwa akilia. "Mwiteni mama yake! Mama yake yuko wapi?" Hosiana alikuwa amekwenda kununua sabuni.

Maji yale hayakufika magotini. Blessing alikuwa amelala kifudifudi, gauni limejaa hewa mgongoni. Esta aliwasukuma watu, akaingia, akampindua, akambeba kifuani hadi ukingoni. Loveness alimpulizia, akambonyeza kifua, akampulizia tena, akiwa analia, mpaka mikono yake ikaisha nguvu. Tope la kijivu lilikuwa limeshajaa mdomoni mwa msichana. Hakuna aliyewagusa wote watatu.

Jioni ile Esta alimwambia mumewe. Alitegemea kelele. Wilbard alikichukua kikombe cha bluu kabla hakijaoshwa baada ya Limi kunywa, akapitisha kidole gumba chini, pale uji ulipoganda, akalamba. Ulimi ukaupata ule uchungu wa kidonge. Kisha akasema kwa sauti ambayo Esta hakuwahi kuisikia. "Limepakwa." Na baadaye kidogo, bila kumtazama: "Usimwambie mtu."

Boaz alipiga simu kutoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Alisema kisa cha Blessing kinasikitisha, lakini huenda masharti hayakufuatwa, na kisa ambacho masharti hayakufuatwa hakiwezi kuandikwa pamoja na vingine. Wilbard alisikiliza simu ikiwa sikioni. "Kiroba kiko wapi?" akauliza ghafla. Boaz hakuelewa, akasema haloo, haloo. Wilbard akakata, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye lundo la mawe aliyokuwa ameyatupa.

Baada ya maziko wanawake walikaa matangani kwa Hosiana, juu ya mikeka, wakimsikiliza. Hosiana hakuwa analia tena. Alikuwa anatafuta kosa lake, na alilitafuta kwa bidii ileile aliyooshea mchanga.

"Nilizigusa punje kwa mkono," alisema. "Daktari alikataza. Na mkono wenyewe ulitoka kwenye zebaki. Au ile kahawa. Alikunywa kahawa kwa shangazi yake, na kahawa imekatazwa. Mama Limi alifuata masharti, mwanawe akapona. Mimi nilikosea. Nimemwua mwanangu kwa mkono mchafu."

"Hapana, mayu," wanawake wakasema. "Mungu ndiye ampangiaye mtu." Lakini walimtazama mkono.

Wilbard alikuwa nje na wanaume, na toka pale dirishani alimtazama mkewe, akatikisa kichwa kidogo: usiseme. Esta alimwona. Alisogea kwa magoti hadi mbele ya Hosiana, akaushika ule mkono.

"Mama Blessing, mkono wako hauna kosa. Limi hakuacha vidonge. Nilimsagia kwenye uji kila jioni, hata siku ile uliponiuliza. Jana nimempa. Leo nitampa."

Hosiana hakuutoa mkono wake. Alimtazama Esta kama mtu anayejaribu kumkumbuka alimwonea wapi.

"Siku ile kwako," akasema polepole, "sikumwuliza mumeo. Wala daktari sikumwuliza. Nilikuuliza wewe."

Kisha akauvuta mkono, taratibu, akauficha ndani ya kanga yake. Aliyekuwa kulia kwa Esta akajivuta nyuma kidogo. Wa kushoto naye akakusanya gauni lake ili lisimguse, na mwingine, na mwingine, mpaka mkeka wote ukabaki mtupu na wanawake wamesimama ukutani kuuzunguka. Esta alipiga magoti pale katikati. Alingoja mtu amshike.